Mizani Ipandapo na Ishukapo: Uzito wa Mwili na Saratani ya Utumbo Mpana

Katika pwani yetu na bara yake, tangu zama ambazo njaa ilikuwa mgeni wa kila mwaka, unene umehesabiwa kuwa shahada ya neema, na mtu aliyerudi safarini au aliyetoka fungate akiwa ameongezeka mwili hupokewa kwa maneno ya furaha, akaambiwa amenawiri, ndoa imemkubali, riziki imemjia. Ilhali aliyepungua huulizwa kwa sauti ya chini ana nini, kana kwamba amefikwa na msiba. Siku hizi, hususan mijini, mambo yamegeuka nusu: aliyepungua naye husifiwa, akaulizwa siri yake na anachokula, hata kama hakufanya lolote la kuupunguza mwili wake. Nataka kusema na wasomaji wangu juu ya desturi zote mbili, kwa kuwa upo ugonjwa mmoja ambao desturi ya kwanza huukaribisha na ya pili huuficha, nao ni saratani ya utumbo mpana na puru.

Ugonjwa huu si mdogo wala si wa watu wa mbali. Mwaka 2022, ulimwenguni kote, watu takriban milioni 1.9 waligunduliwa kuwa nao, na wengine wapatao 900,000 walifariki kwa sababu yake, hata ukashika nafasi ya tatu miongoni mwa saratani zote kwa wingi wa wagonjwa, na nafasi ya pili, nyuma ya saratani ya mapafu, kwa wingi wa vifo. Utumbo mpana wenyewe una urefu wa kiasi cha mita moja na nusu: huanza chini ya tumbo upande wa kulia, karibu na kidole tumbo, hupanda hadi chini ya ini, hukatiza kuelekea kushoto, hushuka, kisha huishia katika puru, ambayo ni kituo cha mwisho cha choo kabla ya kutoka. Katika ngozi laini ya ndani ya mfereji huo huota vinyama vidogo viitwavyo polipi, ambavyo vingi havimdhuru mtu maisha yake yote, ila baadhi yake, kwa mwendo wa miaka 10 na zaidi, hugeuka kuwa saratani. Katika muda huo wote mwenye mwili hasikii kitu. Walakini ndio muda ambao tabibu aweza kukiona kinyama na kukiondoa kabla hakijawa ugonjwa.

Zamani iliaminika kwamba saratani hii ni ya Wazungu, na imani hiyo haikuzuka bure. Daktari Denis Burkitt, mpasuaji kutoka Ireland aliyefika Uganda mwaka 1946 na kukaa huko hadi katikati ya miaka ya 1960, akifanya kazi kwa muda mrefu katika hospitali ya Mulago mjini Kampala, alijulikana kwanza kwa kuieleza saratani ya taya za watoto ambayo hata leo huitwa kwa jina lake. Lakini aliporejea Uingereza alishughulishwa na swali jingine, kwamba mbona maradhi ya utumbo yaliyojaa katika wodi za huko hakuyaona ila kwa nadra kati ya wagonjwa wake wa Afrika. Mwaka 1971 alichapisha rai yake kwamba jawabu limo katika chakula: Mwafrika wa shamba alikula nafaka pamoja na pumba zake, ndizi, mihogo, kunde na mboga za majani, akapata choo kingi, laini, chenye kupita upesi, ilhali Mwingereza alikula mkate mweupe na sukari, na choo chake kikakaa tumboni siku kadhaa. Wataalamu walijadiliana naye miaka mingi, na hakupatia katika kila jambo, lakini ushahidi uliokusanywa baada yake umeiunga mkono sehemu kubwa ya rai hiyo, kwamba nafaka isiyokobolewa na vyakula vyenye nyuzinyuzi huukinga utumbo.

Nami naongeza jambo ambalo halikuhitaji darubini kuonekana. Watu wale wa Uganda ya miaka ya 1950 walikuwa, wengi wao, wembamba. Walikwenda kwa miguu sokoni, shambani na kanisani, walilima kwa jembe la mkono, na maji waliyateka mbali. Wajukuu wao hupanda bodaboda kwa mwendo ambao bibi zao wangeuona haustahili hata kuvaliwa viatu. Nchini Kenya, uchunguzi wa taifa wa mwaka 2014 uliwakuta wanawake 33 katika kila 100, wa umri wa miaka 15 hadi 49, wana uzito uliozidi kiasi, ambapo katika uchunguzi wa miaka ya 2008 na 2009 walikuwa 25. Hatuwezi, basi, kujiegemeza juu ya uhaba wa ugonjwa huu kwa mababu zetu maadamu hatuishi tena kama walivyoishi wao.

Ni lazima kwanza tukubaliane unene ni nini, kwa maana jicho ni shahidi dhaifu, hasa jicho la mtu anayejitazama mwenyewe. Mbelgiji mmoja, Adolphe Quetelet, mtaalamu wa hesabu na nyota, ndiye aliyebuni katika miaka ya 1830 hesabu inayotumika hadi leo: chukua uzito wako kwa kilo, ugawanye kwa urefu wako wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mtu wa urefu wa mita 1.70 akiwa na kilo 72 hupata karibu 25, nao ni mpaka wa uzito wa kawaida. Akifika kilo 87 amevuka 30, naye ameingia katika unene ambao matabibu wetu siku hizi huuita kiribatumbo. Hesabu hiyo ina ila yake, kwa kuwa haipambanui msuli na shahamu: mchukuzi wa bandarini mwenye kifua kama mlango aweza kuonekana mnene katika karatasi, na karani mwembamba wa mikono na miguu, mwenye tumbo lililotangulia mbele, akaonekana salama.

Kwa sababu hiyo mimi huwashauri watu waanze na kiuno. Azima utepe wa fundi cherehani, vua shati au inua gauni, simama wima, tafuta kwa kidole ubavu wa mwisho na ncha ya juu ya mfupa wa nyonga, kisha upitishe utepe katikati ya alama hizo mbili, uuzungushe usawa bila kuubana, utoe pumzi kama kawaida, ndipo usome. Usilivute tumbo ndani, kwani hapo hapana wa kumpendezea. Kwa mwanamume, sentimita 94 ni onyo na 102 ni hatari. Kwa mwanamke, 80 ni onyo na 88 ni hatari. Na usijipime kwa mkanda wa suruali, maana wanaume wengi huufunga chini ya kitambi, wakaendelea kuvaa kipimo kile kile cha ujanani mwaka hadi mwaka, nao wakadhani hawakuongezeka.

Kwa nini kiuno, wala si mapaja au makalio? Kwa sababu mafuta yanayozunguka utumbo na ini hayafanani na yale ya chini ya ngozi. Hayalali kama akiba iliyofungiwa, bali hufanya kazi usiku na mchana, yakimimina katika damu vitu vinavyouamsha mwili katika hali ya uvimbe mdogo, usioonekana wala kuuma, usiokwisha. Fauka ya hayo, huufanya mwili kuwa mzito wa kuitii insulini, yaani ile homoni ya kongosho inayoiongoza sukari iingie katika seli, na kongosho, likiona halitiiwi, huongeza insulini maradufu. Sasa insulini haina kazi ya sukari peke yake: huziamrisha seli zikue na zigawanyike. Na ngozi ya ndani ya utumbo mpana ni mahali ambapo seli hujigeuza upya kila baada ya siku chache, upesi kuliko karibu mahali pengine popote mwilini, hivyo amri ya kukua, ikitolewa kwa wingi na kwa miaka, huzidisha fursa za kosa katika kugawanyika, na mahali palipo na uvimbe wa kudumu kosa huota mizizi. Ndiyo maana mwenye kisukari cha ukubwani naye huingia katika hatari hii zaidi ya wengine, maana magonjwa haya mawili hunywa katika kisima kimoja.

Ithibati ya mambo haya si ya jana. Mwaka 2008 jarida la matabibu liitwalo The Lancet lilichapisha mkusanyo wa tafiti nyingi ulioonyesha kwamba kila nyongeza ya vipimo 5 katika hesabu ya Quetelet, ambayo kwa mtu wetu wa mita 1.70 ni kama kilo 14 na nusu, huongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana kwa asilimia 24 kwa wanaume na asilimia 9 kwa wanawake. Na mwaka 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lenye makao yake Lyon, Ufaransa, liliitaja saratani ya utumbo mpana na puru katika orodha ya saratani 13 ambazo ushahidi unatosha kusema kwamba kuepuka unene huzipunguza. Nawaomba wasomaji wasiogopeshwe na asilimia hizo pasipo kuzielewa. Tuseme katika wanaume 100 wanne wangepata ugonjwa huu katika maisha yao, ambayo ndiyo hali ilivyo kwa makadirio nchini Marekani; ziada ya robo huwafanya watano. Kwa mtu mmoja ni badiliko dogo, wala halimpi yeyote haki ya kumnyoshea mnene kidole na kumwambia amejitakia. Kwa taifa la mamilioni, huyo wa tano ni maelfu ya makaburi.

Jambo lililoniamsha zaidi kuandika ni lile lililofanywa na watafiti wa Heidelberg, Ujerumani. Wao hawakumwuliza mgonjwa uzito wake wa siku ile tu, bali uzito wake wa kila muongo tangu ujana, wakapima ni miaka mingapi ameubeba uzito uliozidi na kwa kiasi gani, na katika makala waliyoichapisha mwaka 2022 walionyesha kwamba wale waliobeba mzigo mkubwa zaidi kwa muda mrefu zaidi walikuwa na hatari iliyozidi maradufu ya wale ambao uzito wao haukuzidi. Na wengine waliofuata njia hiyo wakagundua kwa nini tafiti za zamani ziliudhania uhusiano huu kuwa mdogo kuliko ulivyo: saratani hii humkondesha mwenyewe miaka kadhaa kabla haijajulikana, hivyo ukimpima siku anapogunduliwa, au mwaka mmoja kabla, utamkuta na kilo za mtu wa kawaida, ukamwandika katika safu ya wembamba, na miaka 20 aliyoishi na kitambi isihesabiwe popote.

Tazama basi maana yake kwetu. Mwanamume wa miaka 52, aliyekuwa na kilo 92 tangu alipopata kazi ya ofisini, anafika msibani akiwa na kilo 84, suruali imekazwa kwa tundu jipya la mkanda, na jamaa wanampongeza kwa kuacha wali wa usiku. Yeye hakuacha wali wa usiku. Anacheka nao, anafurahi, na huenda moyoni anaona Mungu amemrahisishia lile lililomshinda kwa miaka. Kanuni ya matabibu ni hii, na ingefaa ijulikane katika kila nyumba kama inavyojulikana dawa ya kikohozi: mtu aliyepungua asilimia 5 ya uzito wake, yaani kilo 4 kwa mwenye kilo 80, katika muda wa miezi 6 hadi 12, bila kukusudia, apimwe. Haimaanishi kwamba ana saratani. Yaweza kuwa kisukari, kifua kikuu, tezi la shingo, au huzuni. Lakini haipasi kupongezwa kabla ya kuulizwa sababu.

Sasa nije kwenye kupunguza, au tuseme kwenye kutoongeza, kwa kuwa naona hilo ndilo la kwanza na ndilo lililo katika uwezo wa wengi. Mtu wa miaka 35 ambaye uzito wake umesimama mahali pamoja miaka 10 amefanya jambo kubwa kuliko yule anayepungua kilo 12 kwa mlo wa supu na kuzirudisha zote kabla ya sikukuu. Tuanze jikoni. Unga wa sembe, mweupe na laini, umevuliwa pumba na kiini, navyo ndivyo Burkitt alivyoviona kuwa hazina. Unga wa dona umebaki navyo, hushibisha upesi, na mashine nyingi za mtaani zitakusagia ukiomba mahindi yasikobolewe. Kunde, choroko, maharage na mbaazi ni vyakula vyetu wenyewe, nazo mbaazi za nazi zaweza kupikwa kwa tui jepesi pasipo kuivunja heshima ya mapishi. Mafuta ya kupikia tuyapime kwa kijiko, maana mkono unaomimina kutoka dumuni hauna hesabu: chapati moja iliyokandwa kwa mafuta, ikapakwa mafuta, kisha ikachomwa kwa mafuta, huchukua vijiko ambavyo mpishi mwenyewe angestaajabu kuviona vimewekwa katika bakuli. Soda na juisi zenye sukari ndizo rahisi kuziacha kuliko yote, kwani hazishibishi mtu. Na katika mwezi wa Ramadhani, ambao ungetupumzisha, wengi wetu hutoka na kilo za ziada kwa sababu ya viazi karai, kaimati na vitumbua vya futari vinavyofuatwa na daku zito. Tende, maji, uji wa mtama na matunda vingetosha kuufungua mfungo, kisha chakula kikafuata kwa kiasi.

Nyama nayo ina hukumu yake. Soseji, bekoni na nyama za kopo zilitangazwa na shirika lile la Lyon mwaka 2015 kuwa husababisha saratani hii, na gramu 50 kila siku, ambazo hazizidi soseji moja ya wastani, huongeza hatari kwa kiasi cha asilimia 18. Nyama nyekundu ya kawaida iliwekwa daraja la chini yake, kwamba huenda ikasababisha. Sioni haja ya kuikataza, ila nyama choma ya kila Jumamosi pamoja na bia za kuisindikiza, huku mboga ni kachumbari ya vijiko viwili, ni mlo unaokusanya hatari tatu katika meza moja, kwani pombe nayo imo katika visababishi. Ama mwendo, inatosha dakika 150 kwa juma za kutembea kwa hima, na faida yake kwa utumbo mpana imethibiti hata kwa mtu ambaye uzito wake haukushuka.

Asije mtu akasema kwamba haya yamekwisha kupita na mwili umekwisha zoea. Mwaka 2015 lilichapishwa jaribio ambalo naliona ni la kutia moyo: Wamarekani 20 wenye asili ya Afrika, wa mji wa Pittsburgh, na watu 20 wa mashambani Afrika Kusini, walibadilishana vyakula kwa wiki 2 tu, Wamarekani wakala mlo wa mahindi, kunde na nyuzinyuzi nyingi, wa mashambani wakala mlo wa nyama na mafuta. Kabla hazijatimia wiki 3, ndani ya utumbo wa Wamarekani dalili za uvimbe na za kugawanyika kwa seli zilikuwa zimepungua, na kwa wale wa mashambani zilikuwa zimezidi.

Hata hivyo wembamba si hirizi. Pele, ambaye hakuna mpenzi wa kandanda asiyemjua, alifariki Desemba 2022 kwa saratani ya utumbo mpana, naye alikuwa mwanamichezo mkubwa kuliko wote wa zama zake. Umri ni hatari, nasaba ni hatari; na kwa ajili hiyo kila mtu, mnene kwa mwembamba, anahitaji kupimwa wakati wake ukifika. Marekani wameshusha umri wa kuanza kupima hadi miaka 45 tangu mwaka 2021, kwa vile ugonjwa umezidi kwa walio chini ya 50. Na mtu ambaye mzazi wake, ndugu yake wa tumbo moja au mtoto wake aliugua, huanza akiwa na miaka 40, au miaka 10 kabla ya umri ambao jamaa yake aligunduliwa, lolote litakalotangulia. Vipimo ni viwili vikuu: kile cha choo, kinachotafuta damu isiyoonekana kwa macho, na kile cha kamera inayopitishwa kwa njia ya haja kubwa, ambacho mtu hunywa dawa ya kuharisha siku moja kabla ili utumbo usafike, akapewa dawa ya usingizi mwepesi, na tabibu akiona kinyama hukikata papo hapo. Kipimo hiki cha pili hupatikana katika hospitali kubwa za rufaa, kama Muhimbili jijini Dar es Salaam na Kenyatta jijini Nairobi. Wanaogunduliwa kabla ugonjwa haujatoka nje ya utumbo, kwa hesabu za Marekani, kama 9 katika 10 huwa hai baada ya miaka 5. Ugonjwa ukiwa umekwisha enea hadi ini au mapafu, hawafiki 2 katika 10.

Haya ndiyo yanayotuua kwetu: haya ya kutaja choo mbele ya mtu. Damu inaonekana chooni, mtu anasema ni bawasiri, ananunua dawa ya mitishamba, damu inakoma wiki mbili, inarudi, na mwaka unapita. Mwingine anachoka akipanda ngazi, anapimwa damu, anaambiwa imepungua, anapewa vidonge vya kuongeza damu, na hakuna anayeuliza damu hiyo inakwenda wapi, ilhali mwanamume mzima, au mwanamke aliyekoma hedhi, hapungukiwi na madini ya chuma bila sababu, na sababu hiyo mara nyingi imo katika tumbo. Ukiona damu, au choo kimekuwa chembamba kuliko desturi, au umebadilika kati ya kuhara na kufunga choo kwa zaidi ya wiki 3, au unatoka msalani na bado unahisi haja haijakwisha, nenda hospitali na useme kwa maneno ya wazi. Mwambie daktari uzito wako wa mwaka jana na wa leo, tundu la mkanda ulilohamia, rangi ya damu na kama imechanganyika na choo au hudondoka baada yake, na nani katika ukoo wenu aliugua tumbo. Ukiambiwa ni bawasiri pasipo kuchunguzwa kwa kidole wala kwa kamera, omba kwa adabu uchunguzwe. Na ukikataliwa, tafuta daktari mwingine juma hilo hilo.